Mpakato Umezimia: Jina Baya na Gharama Yake

Kompyuta iliyopokea sasisho jana usiku na asubuhi hii ikakataa kuonyesha picha hupewa majina mengi mjini Bariadi, mkoani Simiyu. Imekufa. Imezima. Imeganda. Imestaki. Imezingua. Kioo kimekwenda. Kila neno kati ya haya lina jambo lake, na lile ambalo mwenye mashine atalitamka mbele ya fundi ndilo litakaloamua kazi ianzie wapi. Akisema "kioo", bisibisi itaelekea kwenye kioo. Akisema "imekufa", kuna hatari kila kitu kikafutwa ili mashine ianze upya, na mitihani ya kidato cha nne aliyoitunga mwalimu kwa mwezi mzima ikaenda na maji.

Na ugonjwa wenyewe mara nyingi ni mdogo. Programu inayosimamia michoro imebadilishwa, na hiyo mpya haipatani na kifaa kilichomo. Dawa yake mafundi wengi wanaijua. Kinachopungua ni majina ya kuifikisha dawa mahali pake, na kazi hiyo inatuhusu sisi wapenzi wa lugha kabla haijamfikia fundi.

Tuanze na mashine. Wengi tunasema laptopu, wala si kosa. Wakenya wamezoea kipakatalishi, neno lililoungwa kutoka pakata na tarakilishi. Tanzania tuna kompyuta mpakato. Katika yote mawili mna pakata, na utamu uko hapo. Mtoto wa mgongoni hubebwa, wa kifuani hukumbatiwa. Anayepakatwa ni wa mapajani tu, tena mpakataji awe ameketi. Sijui kitenzi kingine ambacho kingekaa hapo vizuri zaidi. Kipakatalishi kinanisumbua kwa mkia wake: asiyeijua tarakilishi husikia "lisha", akabaki anajiuliza nani analishwa. Mimi ningeliondoa hata lile neno kompyuta linalotangulia, nikabaki na mpakato, mipakato. Mpakato wangu umezima. Leta mipakato yote miwili. Jina fupi hutamkika dukani, na jina lisilotamkika dukani hubaki kwenye kamusi.

Sasa lile neno gumu. Ile programu ndogo inayokaa kati ya mfumo wa kompyuta na kifaa, iwe printa, spika au sehemu ya michoro, tuiiteje?

Mtaani inaitwa draiva. Neno hilihili la Kiingereza lilikwisha kuingia Kiswahili zamani kwa mlango mwingine, likawa dereva, mtu wa usukani. Limekuja mara ya pili na kompyuta, na wasemaji wetu, bila kuitishiwa kikao chochote, wakalipa umbo jingine ili maana mbili zisigongane. Dereva ni wa basi la Mwanza. Draiva ni ya kompyuta. Waingereza wameziacha maana zote mbili ndani ya neno moja. Ninaupenda sana ustadi huu wa mtaani. Lakini draiva haimwambii chochote mtu asiyejua Kiingereza. Atalikariri kama jina la mgeni.

Watunga istilahi wakaleta kiendeshi. Sauti yake ni nzuri, na kiambishi ki- cha vifaa kimekaa sawasawa. Ila kiti hicho kina mwenyewe. Kiendeshi tumekwisha kukipa kile kifaa kinachozungusha na kusoma diski, na kwa wengine hata flashi. Mteja akiambiwa kwa simu kwamba "kiendeshi kimeharibika", anaweza kutoa fedha za diski mpya huku diski yake ni nzima kabisa. Wengine wamejaribu kuongeza silabi, wakapata kiendeshaji. Hilo linasogeza mpaka kwa hatua moja tu, na sikio la msikilizaji halioni mpaka huo.

Kuna kasoro ya pili, na hii inaniuma zaidi. Kuendesha ni kukifanya kitu kiende. Programu hii haiendeshi kitu. Inapokea maagizo yaliyotolewa kwa lugha ya mfumo, inayageuza yawe kwa lugha ya kifaa, kisha inarudisha majibu. Kazi hiyo ina jina la siku nyingi katika Kiswahili: ukalimani.

Fikiria bibi anayezungumza Kisukuma tu, amefika hospitalini Bariadi, na daktari aliyetoka mkoa wa mbali. Kati yao amesimama muuguzi anayejua lugha zote mbili. Bibi anasema anapoumwa, muuguzi anafasiri, daktari anaandika dawa. Siku muuguzi huyo akibadilishwa na mwingine ambaye Kisukuma chake ni cha kubahatisha, bibi ni yuleyule, daktari ni yuleyule, lakini dawa itakosewa. Hivyo ndivyo mpakato unavyougua baada ya sasisho. Mfumo ni mzima, kifaa ni kizima, aliyekosea ni mkalimani.

Kwa hiyo napendekeza kikalimani, vikalimani. Kikalimani cha michoro, kikalimani cha printa, kikalimani cha sauti. Ndani yake mna mzizi wa Kiarabu wa kalima, yaani neno, na nje yake mna ki- ya Kibantu. Najua pingamizi litakalokuja: ki- juu ya jina la mtu huleta udogo au dharau, kama kijitu. Jibu langu ni kwamba hapa hatumdogoshi mkalimani yeyote, tunakitaja kitu. Mbona kipanya cha mezani hakijawahi kumtukana panya?

Faida yake fundi ataiona siku ya kwanza. Ukimwambia mteja "kikalimani kipya hakielewani na kifaa chako, nitamrudisha yule wa zamani", amekuelewa bila darasa. Hata kiambishi kimeteleza kikawa "yule", na mteja hakushtuka.

Kadi ya michoro nitaipita upesi. Michoro ni neno zuri na lina mizizi nyumbani, kuliko grafiki. Kadi ndiyo yenye shaka, kwa kuwa katika mipakato mingi hakuna kadi yoyote ya kuchomoa. Kuna kijisehemu kilichounganishwa moja kwa moja kwenye bodi au kilichomo ndani ya kichakataji kikuu. Kichakataji cha michoro ni sahihi zaidi. Mtu wa Simiyu ana sababu ya ziada ya kulipenda: pamba huchakatwa, mkonge huchakatwa, na sasa namba zinachakatwa zitoke picha.

Sasisha ni johari. Aliyelichonga alichukua sasa, akaliongezea kiambishi cha kusababisha, likawa: fanya kitu kiwe cha sasa. Linganisha na wenzake. Kuboresha kunatoa ahadi ya ubora. Kuhuisha kunadokeza kwamba kitu kilikuwa kimekufa au kinakaribia. Kuapdeti, neno la kila siku la vijana, halidokezi chochote. Sasisha peke yake ndilo lenye unyofu: limesema kitu hiki ni kipya, basi. Na upya si ubora. Machi 2010, kampuni ya NVIDIA ililiondoa toleo lake la 196.75 kwa kuwa lilivuruga mwendo wa feni, na kadi za watumiaji zikapata joto la kupindukia. Nyaraka za ndani za Microsoft zilizotoka mahakamani mwaka 2008 zilionyesha kwamba, katika mianguko ya Windows Vista iliyorekodiwa mwaka 2007, zaidi ya robo ilihusishwa na vikalimani vya NVIDIA. Na 19 Julai 2024 sasisho moja la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zilizokadiriwa na Microsoft kufikia milioni 8.5 duniani. Lililotokea Machi 2010 na Julai 2024 lilikuwa kusasisha. Anayeandika "kuboresha" katika habari kama hizo amempa msomaji ahadi ambayo mashine haikuitimiza.

Sasa tuingie kwenye vitenzi vya ugonjwa, na hapa nitakaa, maana hapa lugha yetu ni tajiri kuliko tunavyoitumia.

Mafundi wengi hubandika kikaratasi juu ya mashine iliyoletwa: jina la mwenye mali, namba ya simu, na neno moja au mawili ya ugonjwa. HAIWAKI. INAZIMA. KIOO. INAGANDA. Kikaratasi hicho ndicho kamusi yetu hai ya istilahi za kompyuta, na kinastahili heshima ya wanaleksikografia. Tatizo ni kwamba INAZIMA inabeba mizigo minne.

Kuna kuzima, ambako mtu huzima kwa hiari yake. Kuna kuzimika, ambako mashine hukata yenyewe, kwa joto, kwa betri iliyochoka au kwa umeme. Na kuna kuzimia. Sikilizeni kitenzi hiki. Mtu aliyezimia hajafa. Amepoteza fahamu, macho hayaoni, kisha anazinduka na kuuliza kimetokea nini. Tangu Vista, Windows hukipa kichakataji cha michoro sekunde 2 kujibu agizo. Kisipojibu, mfumo hukiamsha upya. Kioo hufifia au huwa cheusi kidogo, kisha picha inarudi. Hiyo ndiyo kuzimia, neno kwa neno. Kiswahili kimetoa mambo matatu kutoka shina moja kwa kubadili kiambishi tu, na sisi tumeyarundika yote chini ya INAZIMA. Vijana hutumia kuzimia pia kwa kumpenda mtu kupita kiasi, lakini fundi hatachanganyikiwa. Hakuna mtu anayepeleka mapenzi yake kwa fundi.

Kuganda ni jambo la nne, na ni la watu kabisa. Maziwa huganda. Katika nchi ya wafugaji kama Meatu na Maswa hakuna anayehitaji kufafanuliwa: kilichokuwa kinatiririka kimeshikana, kipo palepale, hakisogei. Picha iko kiooni, kipanya hakiendi, muziki umekwama kwenye silabi moja. Imestaki, iliyotoka Kiingereza, haiongezi chochote juu ya imeganda, na imekwama nayo ipo, imara. Ningeiacha istaki ijifie.

Imezingua ni ya mtaani na ina uchangamfu, ila inamsuta mtu zaidi ya kueleza kitu. Rafiki huzingua. Kwenye kikaratasi cha fundi haisaidii.

Imekufa ihifadhiwe kwa iliyokufa.

Kioo kina historia ya kuwatia watu hasara. Kwetu kioo ni cha dirisha, ni cha kujitazamia, na siku hizi ndicho uso wa simu na kompyuta. Mtu akiona mistari ya rangi inacheza, husema kioo kimekufa, kwa sababu ni pale anapouona ugonjwa. Lakini mistari inaweza kutoka kwa kikalimani, na njia rahisi ya kupima ni kuunganisha mpakato na televisheni: mistari ikionekana huko pia, kioo hakina hatia. Waandishi wa istilahi walitupa kiwambo, na ninalitetea kwa moyo wote. Linatoka katika wamba: kuwamba ngoma, kuivuta ngozi juu ya mzinga hadi ikakaza. Kiwambo ni kitu kilichowambwa, tayari kupokea. Skrini inapokea picha kama ngozi ya ngoma inavyopokea mkono, haiitungi. Tukisema kioo kwa kile kipande kinachopasuka ukikiangusha, na kiwambo kwa uwanja ambamo picha huonekana, maneno mawili yatagawana kazi na mteja mmoja au wawili watabaki na fedha zao.

Na ile skrini ya bluu? Kwa miaka mingi mafundi wameitaja kwa rangi, wakasema mashine "imepiga bluu". Jina la rangi huonekana salama kwa sababu kila mtu anaiona. Mwaka 2025 Microsoft iliamua kuubadilisha ukurasa huo uwe mweusi katika Windows 11. Jina limechakaa kwa uamuzi mmoja wa ofisini Marekani. Ndiyo sababu nasisitiza majina yatokane na kilichotendeka. Ukurasa ule, uwe wa bluu au mweusi, ni taarifa ya mwanguko: mfumo umeanguka na umeandika sababu. Mwanguko linatosha.

Hitilafu ni neno ambalo limenifurahisha kwa muda mrefu. Tunalisikia kila umeme unapokatika, hadi tumelizoea kama jina jingine la ubovu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kutofautiana, kutopatana. Kiswahili bado kinaikumbuka maana hiyo: ndugu wakigombana husemwa wana hitilafu, na wanaopingana kwa maoni wanahitilafiana. Sasa lirudishe kwenye mpakato wetu. Kifaa si kibovu, programu si mbovu, vimehitilafiana. Kasoro ni upungufu, kama katika saa kumi kasoro robo. Dosari ni doa. Ubovu ni wa kitu chenyewe. Hitilafu ni ya wawili. Hakuna neno sahihi kuliko hilo kwa ugonjwa unaoanza baada ya sasisho, na ningependa tuliondoe kwenye nguzo za umeme mara moja moja, tulitumie kwa usahihi wake.

Tena tazama linavyosimama mbele ya neno letu la kazi. Istilahi nayo ni ya Kiarabu, na maana yake ni makubaliano: watu wamekaa, wakapatana kuwa kitu hiki kiitwe hivi. Shina lake ni lilelile la suluhu na suluhisho. Kwa hiyo penye hitilafu ya mashine fundi hutafuta suluhisho, na penye hitilafu ya majina sisi hutafuta istilahi, na maneno hayo mawili ya mwisho ni ndugu wa damu.

Tatizo na utatuzi ni ndugu pia, wa Kibantu hawa. Tata ni kusokotana kwa nyuzi. Kutatiza ni kuzisokota. Tatizo ni fundo lililotokea. Kutatua ni kulifungua. Hivyo anayesema "utatuzi wa tatizo" amesema kufungua kilichofungwa, na kiambishi -ua cha kutendua kimefanya kazi yake ileile ya funga na fungua.

Nikitaja nyuzi, siwezi kuipita Simiyu bila kutaja pamba. Mkoa huu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unajulikana nchini kwa zao hilo, na pamba ni neno la Kiajemi lililopata uraia. Ila vitenzi vinavyoizunguka ni vya nyumbani, na vimehamia kwenye kompyuta bila sisi kuvipigia makofi. Mkulima huchambua pamba, akitenga safi na chafu; kutoka hapo tumepata uchambuzi, ambao fundi anaufanya anapotenga joto, betri, kumbukumbu na kikalimani hadi abaki na mkosaji mmoja. Mfumi hutanda nyuzi za mtande kwenye kitanda chake. Kutoka tanda tuna mtandao. Kisha hufuma, kutoka fuma tuna mfumo. Mwalimu wa TEHAMA wa Bariadi au Lamadi anayo hapo somo zima, na wanafunzi wake wametoka shambani asubuhi hiyohiyo.

Kupiga Windows ni usemi wa mtaani wenye nguvu: kufuta mfumo wote na kuuweka upya. Kiswahili kinapenda piga. Tunapiga simu, pasi, deki, kura, picha. Basi nani atakataa kupiga Windows? Sina ugomvi na usemi. Ugomvi wangu ni kwamba umekuwa jibu la kila swali, kwa kuwa hakuna neno fupi la kushindana nao. Neno hilo lipo, nalo ni kurejesha: kukirudisha kikalimani cha toleo lililotangulia. Kwenye Windows kazi hiyo huwa na kitufe chake katika orodha ya vifaa, mradi toleo la zamani halijafutwa, na kwa kawaida faili la mtu haliguswi. Fundi anayeuliza "nipige Windows au nirejeshe?" amempa mteja nafasi ya kuchagua. Asiye na neno la pili hana swali la kuuliza.

Kusakinisha ni tamu kuliko kuinstoo. Mna sakini, kukaa, na jirani yake ni maskani. Programu inapewa mahali pa kuishi. Kinyume chake kinatusumbua. Kuondoa ni laini mno, maana kikalimani kilichoondolewa juujuu huacha mabaki, na yale mabaki humvamia mwenzake mpya. Hapo pafaa kung'oa. Mkulima wa pamba wa Itilima haambiwi aondoe mabua baada ya mavuno. Huambiwa ayang'oe na kuyachoma, wadudu wasipate pa kulala. Kung'oa kunabeba mizizi ndani yake, na kazi yenyewe inataka mizizi.

Hali salama, ile mashine inapowaka na vitu vichache tu, inaniacha na mashaka. Mgonjwa hajawa salama, amepunguziwa mzigo. Hali ya msingi ingetosha. Lakini hili si la kulipigania.

Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili, na ilibidi wakae wachague maelfu ya maneno kama haya, moja baada ya jingine. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwepo tangu 1967, na kazi ya kusanifu istilahi ni yake. Lakini baraza haliwezi kusikia kinachosemwa mezani kwa fundi kama hakuna anayeliandikia. Ndugu msomaji, kama una duka, darasa au hata mpakato mmoja unaosumbua, yatumie maneno haya kwa wiki chache: inazimika, inazimia, imeganda, imeanguka, ng'oa, rejesha. Yakikaa mdomoni, liandikie baraza. Kikalimani kikikukataa, lete jina lako bora na nitalipokea kwa mikono miwili. Kiendeshi tuliachie diski.